Maji ya Kitalu ni Amana

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.

Amma baad. Ndugu zangu wafungaji, Mtume wetu alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji. Wazee wa hapa Oman nao waliyapanga maji ya falaji: kwanza ya kunywa, kisha ya msikitini na ya kuogea, na mwisho ya mashamba.

Basi tuwaangalie wenye vitalu vya miche. Maji yanayovuja chini ya vyungu hubeba mbolea, na yakiachwa hushuka hadi kisima cha jirani. Huo ni israfu na dhulma kwa pamoja. Yaelekezwe birikani, taka zitulie, yachujwe kwa mchanga na kuuliwa vimelea, kwani mche mmoja mgonjwa waweza kuangamiza kitalu kizima. Kisha yachanganywe na maji safi, kwa kuwa kila mzunguko huzidisha chumvi.

Mtu atauliza: je, yafaa kutawadhia? Maji yaliyogeuzwa na mbolea hata yakapoteza jina la maji hayatoharishi. Lakini mche hautawadhi! Tuuachie maji hayo, na yaliyo safi tuwabakishie wanaokunywa.

Ewe Mola, tujaalie tuwe waangalifu wa neema Zako, na uzitakabali funga zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.