Msaada wa Kwanza ni wa Jirani
Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Katwe, Kampala



Kamati imenitaka niseme nanyi juu ya jambo ambalo kwa jina ni geni, walakini kwa maana yake ni la zamani sana kwetu. Ni kazi ya askari wa zimamoto ambao, zaidi ya kuzima moto, huingia majumbani kuwatazama wagonjwa kabla maradhi hayajawazidi. Nitaeleza kazi hiyo ilivyoanza katika miji ya wenzetu, kisha nitasema ni sehemu gani yake inayoweza kutufaa sisi wakazi wa Katwe.

Mtu wa Katwe hawezi kulalamika kwamba hospitali ziko mbali. Nsambya, iliyoanzishwa mwaka 1903, ni jirani yetu. Hospitali ya Mengo, aliyoianzisha Dr. Albert Cook mwaka 1897, iko kilimani Namirembe. Hospitali ya Waislamu iko Kibuli, na Mulago, hospitali kuu ya rufaa ya taifa, iko upande wa pili wa mji. Basi yatupasa tujiulize: kwa nini mtu aliyepigwa na umeme karakanani, au aliyegongwa na bodaboda barabarani, afikishwe katika mlango wa hospitali iliyo karibu hivyo akiwa amekwisha kufa?

Jibu lake ni kwamba maisha yake hayakupotea hospitali. Yalipotea baina ya mahali alipoanguka na lango la hospitali. Moyo ukisimama, ubongo huanza kuharibika baada ya dakika nne hadi sita tu. Mshipa mkubwa wa damu ukikatika, mtu aweza kufa kabla gari la wagonjwa halijawashwa. Katika dakika hizo hapana daktari, hapana muuguzi, wala hapana askari. Yupo fundi mwenzake, yupo mama muuza ndizi, yupo kijana wa bodaboda. Wakijua la kufanya, huenda mtu akapona. Wasipojua, watamzunguka na kumsikitikia.

Wazee wetu katika nchi hii ya Buganda hawakuliacha jambo hili kwa serikali peke yake. Mtu akipatwa na hatari alipiga enduulu, na kila aliyesikia ukelele ule alitoka nyumbani mbio. Aliyesikia akajifungia ndani alionekana mtu mbaya. Hatari ikiwa kubwa zaidi ililia ngoma ya Gwanga mujje, kuwaita watu wote waje. Na kwa kazi za manufaa ya wote ililia ile ya Saagala agalamidde, maana yake sitaki mtu aliyelala. Kwa hiyo desturi ya kuitikia wito tunayo. Kilichopungua ni ilimu ya mikono, kwani anayekuja mbio bila ya kujua la kutenda aweza kuongeza msiba juu ya msiba.

Na tumekwisha kuliona hilo kwa macho. Tarehe 29 Juni 2013 lori la mafuta lilipata ajali Namungoona, katika barabara ya kaskazini inayouzunguka mji. Watu walikimbilia pale, na wengi wao, khasa vijana wa bodaboda, walikwenda kukinga petroli iliyokuwa ikimwagika. Moto ukalipuka, na zaidi ya watu thelathini wakafa. Lau pale pangalikuwa na watu wachache waliofundishwa jambo la kwanza kabisa la uokoaji, yaani kutazama hatari na kuwazuia watu wasisogee, pengine msiba ule ungalipungua.

Sasa natutazame wenzetu. Marekani, hadi miaka ya 1960, mgonjwa wa mjini mara nyingi alichukuliwa hospitali na gari la polisi au gari la wazishi, na ndani yake hapakuwa na mtu aliyejua tiba. Mwaka 1967, katika mji wa Pittsburgh, ilianzishwa huduma iliyoitwa Freedom House. Wafanyakazi wake walikuwa watu weusi wa mtaa wa Hill District, mtaa wa watu masikini, na wengi wao walikuwa hawana kazi. Dr. Peter Safar, ambaye mwaka uliotangulia alifiwa na binti yake kwa maradhi ya pumu, aliwafundisha kwa miezi mingi mpaka wakaweza kumtibu mgonjwa njiani. Huduma ile ilifungwa mwaka 1975, walakini ilikuwa imekwisha kuthibitisha kwamba watu wa mtaa ulio masikini, wakifundishwa vizuri, waweza kuifanya kazi ambayo wengi walidhani ni ya madaktari peke yao.

Mwaka 1970 mji wa Seattle uliwachukua askari wake wa zimamoto na kuwafundisha kazi hiyohiyo, chini ya Dr. Leonard Cobb na mkuu wa zimamoto Gordon Vickery. Wafanyakazi wa namna hiyo huitwa maparamediki. Kwa nini walichaguliwa watu wa zimamoto? Sababu ziko wazi. Vituo vyao vimetawanyika mjini kote, wao hukesha usiku na mchana, magari yao yako tayari, na raia huwafungulia mlango bila ya hofu. Tena Seattle haikuishia hapo, bali katika miaka ya mwanzo ya 1970 ilianza pia kuwafundisha raia wa kawaida namna ya kuukandamiza moyo uliosimama, kwa kuwa askari hata akiwa hodari vipi hawezi kumtangulia jirani.

Miaka ilivyokwenda, vituo vile vikaona kwamba wito wa ugonjwa umeuzidi mbali wito wa moto, na kwamba watu walewale huita mara kwa mara: mzee aishiye peke yake asiyekumbuka dawa zake, mwenye maradhi ya sukari asiye na chakula, mtu asiye na makao. Kumpeleka hospitali kila mara hakukumponya. Ndipo ikazaliwa kazi mpya ya kumwendea mgonjwa kabla hajaita, au kumtafutia msaada unaomfaa zaidi ya kitanda cha hospitali. Zimamoto ya Houston, kuanzia Desemba 2014, ilimwezesha mgonjwa kuzungumza na daktari kwa njia ya chombo cha mawasiliano akiwa nyumbani kwake, na daktari akaamua kama anahitaji hospitali au zahanati. San Francisco ilianzisha kikosi cha namna hiyo mwaka 2016 kuwashughulikia wale wanaoita mara nyingi mno. Seattle, mwaka 2019, iliwaweka askari wa zimamoto pamoja na wafanyakazi wa ustawi wa jamii katika gari moja.

Mabibi na mabwana, si kusudi langu kusema kwamba Katwe iige Seattle. Mali yao si mali yetu. Hapa Uganda zimamoto ni sehemu ya Jeshi la Polisi, na kazi yake ni kuzima moto na kuokoa watu. Masoko ya Owino na Park Yard yalipoungua mwaka 2009 na 2011, mji mzima uliona namna moto unavyokimbia mahali ambapo vibanda vimebanana. Na vichochoro vyetu sisi mnavijua: gari kubwa la maji haliwezi kupita, na aliyepiga simu mara nyingi hawezi hata kueleza mahali alipo.

Hata hivyo, ukivitazama vizuri, viungo vya kazi ile tunavyo, ila havijaunganishwa. Kuingia majumbani kuwatazama wagonjwa ni kazi ya timu za afya za vijiji, zinazojulikana kwa herufi VHT, ambazo serikali ilizianzisha mwaka 2001. Hao ni watu wetu wenyewe, wanaojitolea. Mwaka 2021 ilitolewa sera ya taifa juu ya huduma za dharura za matibabu. Simu za 999 na 112 zapokelewa na Polisi. Na katika mji huuhuu wa Kampala walipata kufundishwa watu 307, nao walikuwa askari polisi, madereva wa teksi na viongozi wa mitaa. Walifundishwa kuzuia damu, kumlaza vizuri aliyezimia, na kumbeba aliyeumia. Taarifa iliyochapishwa mwaka 2009 ilionyesha kwamba baada ya miezi sita karibu wote walioulizwa walikuwa wamekwisha kutumia japo jambo moja katika waliyojifunza. Hao hawakuwa matabibu. Walikuwa watu wa barabarani kama sisi.

Majirani zetu wa Tanzania nao wametuonyesha njia. Katika mpango uitwao m-mama, mama mja mzito akipatwa na shida hupigiwa simu ya bure, nambari 115, na pasipokuwa na gari la wagonjwa huitwa dereva wa kawaida wa hapo karibu, aliyekwisha kuandikishwa, akamchukua mama na kulipwa ujira wake. Gari lilikuwapo kijijini siku zote. Kilichoongezwa ni utaratibu.

Basi kwa upande wetu naona mambo matatu ambayo chama chaweza kuyaanza bila ya kungoja mtu.

La kwanza ni mafunzo. Chama cha Msalaba Mwekundu na St. John Ambulance hufundisha huduma ya kwanza hapa nchini. Yafaa kila karakana, kila kituo cha bodaboda, na kila kikundi cha akina mama kiwe na watu wawili waliofundishwa. Mchomeleaji wa vyuma ajue kwamba aliyenaswa na umeme haguswi mpaka umeme ukatwe. Mama ajue kwamba mtoto aliyeungua humwagiwa maji safi ya baridi kwa muda wa dakika ishirini, wala hapakwi samli wala dawa ya meno. Kijana wa bodaboda ajue kukandamiza jeraha kwa kitambaa safi bila ya kuachia, na ajue kwamba aliyevunjika shingo hapandishwi juu ya pikipiki.

La pili ni utaratibu wa wito. Kila kichochoro kipewe jina linalojulikana, na jina hilo liandikwe ukutani. Pawe na watu waliowekwa kwenda barabara kuu kuyapokea magari ya zimamoto na ya wagonjwa na kuyaongoza. Askari wa kituo cha zimamoto waalikwe watembee nasi mitaani siku ya amani, waone mahali maji yalipo na mahali gari linapokwama. Kufahamiana wakati wa moto kumechelewa.

La tatu ni kutembelea majumba. VHT, pamoja na wajumbe wetu na kwa ruhusa ya mwenyekiti wa mtaa, waingie nyumba kwa nyumba. Wamwulize mzee kama dawa zake za presha zimekwisha. Watazame kama jiko la mkaa huachwa likiwaka ndani ya chumba kilichofungwa usiku, kwani hewa yake ni sumu na imewaua watu usingizini. Watazame tadooba imewekwa wapi, na waya za umeme zimeungwa vipi. Kwa safari moja watakuwa wamefanya kazi ya tabibu na kazi ya zimamoto pamoja, na huo ndio moyo wa yale tuliyoyaona kwa wenzetu.

Nayajua maneno yatakayosemwa tukitoka hapa. Wako watakaosema, fedha hatuna. Nami nasema kitambaa safi, maji, na mikono miwili haviwezi kutushinda, na kwa ada ya mafunzo kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Wako watakaosema, nikimgusa majeruhi polisi watanishika mimi. Hofu hiyo ni ya kweli, na dawa yake ni kwamba waliofundishwa wajulikane kwa majina katika kituo cha polisi na kwa mwenyekiti wa mtaa, wavae alama, na wasifanye kazi peke yao. Na wako watakaotukumbusha kwamba ajali haina kinga. Ni kweli, ajali yenyewe huja bila ya hodi. Walakini kifo kinachokuja baada yake, kwa kukosa mtu wa kuziba jeraha, hicho kina kinga, na kinga yake imo mikononi mwa jirani.

Naomba, Bwana Mwenyekiti, kabla mkutano huu haujafungwa, yaandikwe majina ya watu ishirini walio tayari kufundishwa, waume na wake, na kamati itafute siku ya kuwaalika askari wa zimamoto waje Katwe. Tusitawanyike kwa kusifu hotuba tu.