Ripoti Mbili za Nchi Moja: Mawazo ya Mkristo Yanavyomjenga na Kumbomoa



Mada niliyopewa ni mawazo chanya na mawazo hasi. Naomba tuanzie Hesabu 13. Wapelelezi 12 wa Israeli waliizunguka Kanaani siku 40, wakaona miji ileile yenye ngome, wana wa Anaki walewale, na kichala kilekile cha zabibu cha Eshkoli kilichobebwa na watu wawili kwa mti. Wawili kati yao, Kalebu na Yoshua, hawakubisha kwamba majitu hayo, wana wa Anaki, yapo. Walipoachana na wenzao ni kwenye kipimo: kumi walijipima na majitu wakajiona panzi, wawili waliyapima majitu na Mungu aliyewatoa Misri.

Tena wale kumi walikuwa na hakika kwamba hata wenyeji waliwaona panzi. Waliwauliza lini? Wazo hasi ndivyo lilivyo: mtu anaanza kwa kujidharau, kisha anawasemea wengine. Muumini anachelewa ibada, anakuta wawili wananong'ona benchi la nyuma, anaondoka akijua wanamsema yeye. Jumapili inayofuata haonekani, na mazoezi ya kwaya ameacha. Israeli walililia ripoti ile usiku kucha, ikawagharimu miaka 40 jangwani, mwaka kwa kila siku ya upelelezi.

Lakini dawa yake si kujifanya hatuoni. Mwaka 1952 mchungaji wa Marekani, Norman Vincent Peale, alitoa kitabu The Power of Positive Thinking, kikasomwa na mamilioni. Huku kwetu fundisho linalofanana na hilo tunalijua kama kukiri: usitaje shida, utaivuta. Dada amepimwa sukari, kliniki imempa dawa, mwombaji mwenzake anamwambia asimeze kwa kuwa kumeza ni kuukubali ugonjwa. Hapo nasema wazi: huo ni woga, tumeupa jina la imani. Paulo aliwaandikia Wafilipi barua iliyojaa furaha akiwa kifungoni, na minyororo yake aliitaja. Katika 4:8 anapoorodhesha mambo ya kutafakari, la kwanza ni yaliyo ya kweli.

Na kuhusu kukata tamaa, kuna pia nabii Eliya, ambaye nadhani tunampita haraka mno. Ametoka kuwashinda manabii wa Baali mlimani Karmeli, malkia Yezebeli anamtishia, anakimbilia jangwani, anakaa chini ya mretemu na kuomba afe. Mungu hakumkemea. Alimwacha alale, malaika akamwamsha na kumpa mkate na maji, akala, akalala tena, akaamshwa ale mara ya pili. Maswali yalingoja mpaka mlima Horebu. Huko Eliya alilalamika kwamba amebaki peke yake. Akapewa kazi ya kufanya, na hesabu sahihi: watu 7,000 hawajampigia Baali goti.

Kwa hiyo, kiongozi, kabla hujakemea roho ya kukata tamaa, uliza kama mama anayemuuguza mumewe amelala. Uliza amekula nini. Na huzuni ikikaa wiki baada ya wiki, mpeleke hospitali huku mnaendelea kumwombea.

Baada ya chai tutakaa kwenye makundi. Kila kundi liandike maneno ambayo jumuiya yake imezoea kuwaambia wagonjwa na wafiwa, kisha liyapime moja moja kwa kipimo cha kwanza katika orodha ya Paulo: je, ni ya kweli?