Je, Kiambu Yaweza Kujilisha Siku ya Shida?



Watu wengi wenye kazi Nairobi huhamia Kiambu wakitumaini kwamba huko mtu atapata mshahara wa mji na mazao ya shamba pamoja, na kwamba siku ya shida jamaa zake hawatalala njaa. Yafaa tumaini hilo lipimwe kabla fedha hazijatolewa.

Mema ya Kiambu ni mengi. Limuru na Lari ni nchi ya baridi na mvua. Viazi, kabichi na chai humea vizuri, na ng'ombe wa maziwa hustawi. Udongo mwekundu wa Githunguri na Gatundu una rutuba. Lakini upande wa Juja nchi ni kavu zaidi, na mahali pengine udongo ni mweusi, hunata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua. Basi anunuaye kiwanja na autazame udongo kwanza, kisha bei.

Tena watu ni wengi. Hesabu ya mwaka 2019 ilikuta watu zaidi ya 2,400,000 katika kaunti hii. Viwanja vingi vya kujenga ni vya futi 50 kwa 100. Hata kama ekari moja ingetoa magunia 20 ya mahindi, kiwanja hicho kizima, pasipo nyumba juu yake, kisingefikisha magunia 2 na nusu. Kwa hiyo mwenye kiwanja kidogo asitegemee mahindi yake. Apande sukumawiki, maharagwe na viazi vitamu, afuge kuku, na nafaka ainunue wakati wa mavuno, iliyokauka sawasawa, maana mahindi mabichi ghalani huota kuvu yenye sumu.

Jaribio lilikuja tarehe 6 Aprili 2020, wakati wa ugonjwa wa korona. Serikali ilikataza watu kuingia wala kutoka eneo la Nairobi, na mpaka wa amri hiyo ulipita ndani ya Kiambu, hata daraja la mto Chania huko Thika. Amri ilidumu mpaka Julai. Malori ya chakula yaliruhusiwa kupita, lakini mtu aliyekaa Ruiru na kulima Murang'a hakuweza kulifikia shamba lake. Shamba la mbali si ghala.

Kuhusu maji, hesabu ni nyepesi. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1. Bati la mita za mraba 50, mvua ikinyesha milimita 20, hupokea lita 1,000. Watu watano wakitumia lita 20 kila mmoja kwa siku, tangi la lita 5,000 litawatosha siku 50. Mfereji ukikauka, nyumba hiyo haitahangaika.

Jibu, basi, ni hili: Kiambu yaweza kumsaidia mtu kustahimili, lakini haiwezi kumtenga na soko. Chumvi, dawa na mafuta vitatoka nje daima. Mwenye busara ataweka akiba ya wiki kadhaa, na atapatana na jirani zake mapema, mwenye maziwa na mwenye viazi. Akiba haiozi, na ujirani mwema ni akiba pia.