Dereva na Makanga: Somo la Afya Kutoka Kwenye Basi

(Hotuba ya afisa wa uhamasishaji wa afya kwa wahudumu wa matatu na bodaboda)



Nina habari inayohusu kazi yenu. Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, daktari Mwingereza Jeremy Morris aliwachunguza wahudumu wa mabasi ya ghorofa jijini London. Dereva na kondakta walifanya kazi katika basi moja na mji mmoja. Lakini dereva aliketi karibu zamu nzima, huku kondakta akipanda na kushuka ngazi mara kwa mara akikusanya nauli. Matokeo yalichapishwa mwaka 1953: makondakta walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva.

Je, huenda madereva walikuwa wanene tangu mwanzo? Morris alikagua vipimo vya sare zao, akakuta kweli viuno vyao vilikuwa vipana zaidi. Hata hivyo, katika posta pia waliosambaza barua kwa miguu na baiskeli walikuwa na nafuu kuliko makarani. Tafiti nyingi zilizofuata zimethibitisha kwamba mwendo huukinga moyo.

Kwetu Kenya, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya kila wanne ana shinikizo la juu la damu. Ugonjwa huu haupigi hodi. Wengine huujua siku kiharusi kinapowaangusha, na familia ikabaki bila mchumaji.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Si lazima uende jimu. Kulima na kutembea kwa haraka ni mazoezi. Kipimo chake ni rahisi: unaweza kuzungumza, lakini huwezi kuimba. Ukingoja zamu yako steji, teremka utembee. Aliye na maumivu ya kifua amwone daktari kwanza, na anayetumia dawa asiziache.

Tusimlaumu mwananchi peke yake. Anayetembea kando ya barabara isiyo na njia ya miguu anahatarisha maisha. Katiba imezikabidhi kaunti huduma za afya, barabara za kaunti na viwanja vya michezo. Kwa hiyo, vikao vya maoni ya umma kuhusu bajeti vikiitishwa katika wadi yenu, hudhurieni, mtaje barabara na uwanja mnaotaka ushughulikiwe.

Wahamasishaji wako pale mezani na mashine za kupimia shinikizo la damu. Kabla hujarudi steji, pita upimwe. Ni dakika chache tu, na hakuna malipo.