Usivunje Jiwe la Kusagia Ulilofukua Shambani



Tunapochimba mashimo ya mikorosho, kuanzia huku Shangani na Mikindani mpaka vijiji vya mlango wa Ruvuma, pengine jembe hugonga jiwe lililolika katikati. Wengine hulivunja kokoto, wengine hulifanya la kunolea panga. Leo nawaomba tulitazame kwanza.

Kabla ya mashine, unga ulitoka mikononi mwa mama zetu: walitwanga kwa kinu na mchi, wakasaga juu ya jiwe. Kinu ni mti, kikifukiwa huliwa na mchwa. Jiwe hubaki. Utalitambua kwa bonde laini upande wa juu, palipopita jiwe dogo la mkononi. Tena, mawe mengi ya pwani yetu ni ya matumbawe. Ukikuta jiwe gumu la namna ya bara, huenda lilibebwa kutoka mbali.

Faida yake nini? Katika vitundu vya jiwe hunasa chembe za wanga, na wataalamu kwa darubini huweza kutambua nafaka iliyosagwa. Mwaka 2009 mtaalamu Julio Mercader alitangaza kuwa zana za mawe kutoka pango la Ngalue, jimbo la Niassa, ng'ambo ya Ruvuma huko Msumbiji, zilikuwa na wanga wa mtama wa porini. Umri wake ni zaidi ya miaka 100,000. Watu hao hawakulima, waliokota tu. Mahindi nayo yalitoka bara la Amerika, hayakuwapo kwetu kabla ya 1492. Basi jiwe la kale laweza kutuonyesha ardhi hii ililisha watu kwa nafaka gani. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la wakulima wa kale ndilo hilo.

Kwa hiyo, ukilikuta:

Kwanza, usilioshe wala kulisugua. Utaondoa wanga.

Pili, liache palepale, uchomeke mti wa alama. Vigae na majivu ya kando usivichokore.

Tatu, mwarifu mtendaji wa kijiji au mtaa, naye apeleke habari kwa afisa utamaduni wa wilaya. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya 1863, na kwa macho tu huwezi kujua umri wa jiwe.

Na kama bibi yuko hai, muulizeni alisaga nini, mkaandike.

Kazi njema, ndugu wakulima.