Milango Iliyofungwa kwa Hofu
Jumapili ya Pili ya Pasaka (Yoh 20:19–31)



Injili ya leo yatuingiza katika nyumba iliyofungwa milango. Wanafunzi wamo ndani, wamejaa hofu. Habari ya kaburi tupu wamekwisha kuisikia, lakini bado wanaogopa. Bwana haji kuwakemea. Asimama katikati yao, awapa amani, kisha awaonyesha mikono na ubavu wake. Tumaini la Kikristo, basi, halifichi majeraha. Ni hakika ya kwamba mauti yamekwisha kushindwa, ingawa makovu bado yaonekana.

Tumtazame pia Tomaso. Siku ile ya kwanza hakuwapo. Na alipopewa habari, alikataa kusadiki. Wenzake wangaliweza kumtenga kama mtu mkaidi. Hawakufanya hivyo. Baada ya siku nane, asema Mwinjili, Tomaso alikuwa pamoja nao. Kama wangalimfungia nje, angalimkiria wapi Bwana wake na Mungu wake?

Ndugu zetu wa Burundi walitufundisha somo hilo kwa damu. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, watu wenye silaha waliivamia Seminari Ndogo ya Buta, katika Jimbo la Bururi. Waliwaamuru vijana wajitenge, Wahutu upande huu na Watutsi upande ule. Vijana walikataa. Waseminari 40 waliuawa. Hatua chache tu zingaliweza kuwaokoa baadhi yao, wasizipige.

Miaka mitatu kabla yake, mwezi Aprili 1994, Maaskofu wa Afrika walikusanyika Roma katika Sinodi, wakatufundisha kwamba Kanisa ni Familia ya Mungu. Siku hizohizo, nchini Rwanda, wabatizwa waliwaua wabatizwa wenzao. Fundisho lile lilionekana kama limezikwa. Ndipo vijana wa Buta, ambao wengi wetu tungewaita watoto, walipolitia sahihi kwa maisha yao.

Sisi, ndugu wapendwa, hatujasimamishwa mbele ya bunduki. Sisi twajitenga wenyewe, tena polepole. Bei zinapopanda na uchaguzi unapokaribia, kila mmoja hutafuta walio wake: wa kabila lake, wa chama chake, wenye uwezo kama yeye. Nasi mapadre hatujitoi katika kosa hili. Mara ngapi tumezungumza mezani kwa lugha ya kwetu, huku mwenzetu ameketi kimya? Katika parokia moja tulimtembelea mjane aliyeacha kuja kwenye jumuiya ndogo ndogo. Alitujibu kwa upole: “Padre, nilikosa mchango, nikaona haya. Sasa ni miezi mitatu, wala hakuna aliyepiga hodi.” Tulitoka pale tumeinama. Jina lake lilikuwamo katika daftari letu, limepigwa mstari.

Basi, juma hili tufanye jambo moja. Wewe katekista, nawe mwenyekiti wa jumuiya, tafuteni ni nani hayupo. Pengine ni mgeni aliyehamia juzi, pengine mlemavu asiyeweza kupanda mlima, pengine ndugu ambaye ndoa yake ina kasoro, akadhani kwamba hata sala amekatazwa. Nendeni kwake. Msichukue daftari la michango. Pigeni hodi, mketi, mumsikilize, kisha mmwambie kwamba nafasi yake ipo.

Yesu Mfufuka aliingia milango ikiwa imefungwa. Ya kwetu ametuachia tuifungue wenyewe. Tumwombe atujalie imani ya vijana wale wa Buta, ili siku tutakapoambiwa tujitenge, kwa sauti kubwa au kwa mnong'ono, tubaki pamoja.

Amani ya Bwana iwe nanyi daima. Amina.