Mtoto Anaenda Kambi ya Likizo: Uliza Kabla Hujalipa



Ndugu zangu vijana, shule zikikaribia kufungwa tu, simu zetu zinajaa mabango. Kambi ya siku kumi, kambi ya wiki mbili, kambi ya Qur'ani, kambi ya kuogelea, kambi ya kompyuta. Picha ni nzuri, watoto wanacheka, na chini pana nambari ya M-Pesa. Mama akilipata bango hilo anamtumia nani? Anakutumia wewe. "Hebu niangalilie hii, nimpeleke mdogo wako?" Wengine wenu tayari ni wazazi, na wengine ndio mnaojitolea kusimamia watoto huko kambini. Kwa hivyo maneno haya yanawahusu nyote.

Mimi sipingi kambi. Likizo ya Novemba na Disemba ni ndefu, na mzazi anayetoka asubuhi akarudi Magharibi hawezi kumwachia mtoto simu na televisheni siku zote hizo. Mtoto akienda kambi nzuri anarudi anajua kutandika kitanda, kufua soksi zake, na kula sinia moja na mwenziwe aliyekuwa hamjui. Hilo ni kheri.

Ninachokipinga ni kule kuona haya kuuliza. "Ah, ustadhi fulani ndiye msimamizi, nitamuulizaje mambo kama hayo?" Hapo ndipo tunapopotea. Kumheshimu mtu ni jambo moja, kumkabidhi mtoto usiku na mchana ni jambo jingine. Msimamizi mwaminifu hachukii swali. Anayekasirika kwa kuulizwa, huyo ameshakujibu.

Sasa, tuulize nini?

Anza na usiku. Mchana watu ni wengi na macho ni mengi. Uliza: nani analala karibu na watoto? Ni wangapi? Wavulana na wasichana wamelazwa wapi? Chama cha kambi cha Marekani kina kipimo chake kwa kambi za kulala: watoto wa miaka 6 hadi 8, mtu mzima mmoja kwa watoto 6, wa miaka 9 hadi 14, mmoja kwa watoto 8. Hiyo si sheria ya Kenya, lakini inakupa picha. Ukiambiwa watoto 60 wana walimu wawili, hesabu mwenyewe.

Halafu uliza kama wasimamizi wana cheti cha tabia njema kutoka DCI. Kinaombwa kupitia eCitizen na mtu huchukuliwa alama za vidole, si kitu cha kushindikana. Lakini cheti hicho kinaonyesha rekodi tu. Mtu ambaye hajawahi kushtakiwa cheti chake ni safi hata kama yeye si safi. Kwa hivyo ongeza swali hili: je, kuna utaratibu kwamba mtu mzima hajifungii peke yake na mtoto mmoja, si chumbani, si garini, si ofisini? Kambi yenye utaratibu huo itakueleza bila kubabaika.

La pili ni jengo lenyewe. Kambi nyingi hukodi mabweni ya shule. Sisi Wakenya tuna makovu hapo. Mwaka wa 2001 katika Shule ya Upili ya Kyanguli, Machakos, wavulana 67 walikufa bweni lilipowaka moto. Madirisha yalikuwa na vyuma na mlango mmoja ulikuwa umefungwa. Mwezi wa Septemba 2024, moto wa bweni la Hillside Endarasha kule Nyeri uliwaua watoto 21. Mwongozo wa usalama wa Wizara ya Elimu unataka madirisha ya bweni yasiwe na vyuma, milango ifunguke kwa nje, na isifungwe kwa nje watoto wakiwa ndani. Basi nenda ukaone. Usitume mtu, usiombe picha. Ingia, sukuma mlango, tazama dirisha. Uliza usiku ufunguo unakaa kwa nani.

La tatu, maji. Sisi wa Pwani tunajidanganya kwamba mtoto wa Pwani anajua bahari. Uliza: wataogelea wapi, saa ngapi, maji yakijaa au yakipwa? Nani mwokoaji, na kazi yake ni kutazama tu au pia ndiye anayepiga picha za kuweka mtandaoni? Mtoto anayezama aghlabu hapigi kelele. Huzama kimya, hatua chache kutoka kwa watu.

La nne, afya. Mtoto mwenye pumu, kifafa, kisukari au asiyeweza kula njugu, andika kwenye karatasi, na dawa umkabidhi mtu unayemjua jina. Uliza hospitali ya karibu ni ipi na usiku gari lipo. Ikiwa kambi iko mahali pa malaria, uliza chandarua. Na mtoto anayekojoa kitandani, usimfiche. Mwambie msimamizi faraghani, la sivyo atakuja kuaibishwa mbele ya wenziwe.

La tano, nidhamu. Mtoto akikosea anafanywa nini? Wengine watakwambia wazi, "Hapa tunawanyoosha." Ibara ya 29 ya Katiba inamkinga kila mtu na adhabu ya viboko, na mtoto ni mtu. Haki hiyo haiendi likizo. Vilevile kambi isigeuzwe darasa la mlango wa nyuma: Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza masomo ya ziada ya likizo. Na picha za mwanao kuwekwa mtandaoni zinahitaji idhini yako. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inasema hivyo. Una haki ya kukataa, na mtoto asitengwe kwa sababu ulikataa.

La sita, simu. Kambi kukataza simu za watoto ni sawa, hata ni vizuri. Lakini mtoto akisema "nataka kuongea na mama", lazima apewe njia, na aongee bila mtu kumsimamia kichwani. Kambi inayosema mzazi haruhusiwi kupiga wala kutembelea mpaka siku ya mwisho, usimpeleke.

Baada ya kuiuliza kambi, kaa na mtoto. Usiku wa kwanza wengi hulia, hilo ni kawaida. Mzoeshe kwanza kulala kwa shangazi au bibi. Mpe neno la siri. Akikuuliza kwenye simu, "Paka amekula?", wewe unajua maana yake ni njoo unichukue. Na umwambie hivi: hakuna mtu mzima, hata awe mwalimu, hata awe ami yako, mwenye ruhusa ya kukwambia "usimwambie mamako".

Na je, likitokea la kutokea? Hapa nataka mnisikilize sana. Tuna tabia ya kusema tusitie aibu jamii, wazee wakae, kufanyike maslaha, ngamia watolewe au pesa, yaishe. Mtoto aliyenajisiwa hana maslaha. Mpeleke hospitali kwanza, kabla ya saa 72 kupita, maana dawa za kuzuia virusi vya ukimwi huanzwa ndani ya muda huo, na mapema ni bora zaidi. Usimuogeshe, usizifue nguo alizovaa. Kisha polisi. Ukikwama, piga 116, laini ya watoto, ni bure mchana na usiku. Kwa mujibu wa Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006, wazee hawana mamlaka ya kuifunga kesi hiyo. Mkeka wa wazee ni wa mambo mengine.

Nanyi mnaojitolea kambini, msione kama nawatuhumu. Maswali haya yanawalinda ninyi pia. Kijana aliyefuata utaratibu, aliyekuwa na mwenziwe kila wakati, hasingiziwi kwa urahisi. Mkiombwa vyeti, toeni. Mzazi akija kutazama mabweni, mfungulieni. Na mkimwona mwenzenu anavuka mpaka, semeni, hata kama ni rafiki.

Mtoto ni amana. Mtu akiwekewa amana ya pesa haitoi bila kuhesabu na kuandika. Basi likija bango jingine kwenye simu yako, kabla ya kumjibu mama "naam, ni nzuri", piga ile nambari ya chini na uanze na swali moja tu: usiku, nani analala karibu na watoto?